Mwongozo kamili wa kuandaa mkataba wa kuuziana bidhaa, kwa mfanyabiashara asiye mwanasheria

Mikataba mingi ya wafanyabiashara ninayoletewa baada ya ugomvi kuanza ina kasoro ileile: imeandikwa kana kwamba watakaoisoma ni wale wawili tu waliosaini. Inasema "mzigo kama tulivyokubaliana", au "malipo yatafanyika mapema iwezekanavyo", na siku ile ya kusaini kila mmoja alijua maana yake. Msomaji ambaye mkataba unamhitaji zaidi, hata hivyo, ni hakimu ambaye hakuwapo, hawajui ninyi wawili, na hajawahi kuuona mzigo wenyewe. Kila hatua iliyomo humu imepangwa kwa ajili ya msomaji huyo.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mfanyabiashara wa Dar es Salaam ananunua tani 10 za mchele kutoka kwa msambazaji wa Mbeya. Sheria ninayoieleza ni ya Tanzania Bara, hasa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Zanzibar ina sheria yake ya mikataba, na anayefanyia biashara huko aifuate hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuandika

- Nakala ya kitambulisho cha taifa na namba ya mlipakodi (TIN) ya kila upande.
- Kama upande mmoja ni kampuni: cheti cha usajili na taarifa za wakurugenzi kutoka BRELA, wakala wa serikali anayesajili kampuni na majina ya biashara.
- Kama ni jina la biashara: cheti chake, pamoja na kitambulisho cha mmiliki.
- Ujumbe wote wa simu na barua pepe mliotumiana wakati wa kupatana bei.
- Sampuli ya bidhaa, ikiwa mlikubaliana kwa kuangalia sampuli.
- Anwani ya mahali pa kazi ya kila upande, namba za simu, na namba ya akaunti itakayopokea fedha.
- Shahidi mmoja kwa kila upande, mtu mzima asiye na maslahi katika biashara hiyo.

Usianze kuandika mpaka orodha hii ikamilike. Anayekataa kukupa nakala ya kitambulisho kabla ya kupokea fedha zako atakuwa mgumu zaidi kupatikana baada ya kuzipokea.

## Hatua ya 1: Hakikisha unajua unaingia mkataba na nani

Hapa ndipo watu wengi huanguka, na kosa lake haliponyeki kirahisi, kwa sababu ukimshtaki mtu ambaye si upande wa mkataba, kesi inaweza kufutwa kabla mchele haujatajwa.

Kampuni ni mtu kisheria: inaweza kumiliki mali, kudai na kudaiwa kwa jina lake yenyewe. Jina la biashara si mtu. Bango la duka lililoandikwa "Neema Traders" haliwezi kushtakiwa. Anayeshtakiwa ni binadamu anayelimiliki. Kwa hiyo, ikiwa unashughulika na jina la biashara, andika jina kamili la mmiliki kama lilivyo kwenye kitambulisho, kisha uongeze "anayefanya biashara kwa jina la" na jina la duka.

Ikiwa ni kampuni, andika jina lake kama linavyosomeka kwenye cheti, pamoja na namba ya usajili. Tafuta taarifa zake kupitia mfumo wa usajili wa mtandaoni wa BRELA ili ujue kama bado ipo na wakurugenzi wake ni akina nani. Kisha uliza swali ambalo wengi huona aibu kuliuliza: huyu anayekuja kusaini amepewa mamlaka na nani? Kwa mkataba mkubwa omba azimio la bodi. Kwa mkataba mdogo barua yenye saini ya mkurugenzi inatosha kukuonyesha kuwa aliyeko mbele yako hakujituma.

Tahadhari: Usiingie mkataba na "kampuni ambayo iko mbioni kusajiliwa" bila kumfunga kwa jina lake binafsi yule anayeizungumzia. Kampuni ambayo haijazaliwa haiwezi kuahidi chochote.

Utajua umefaulu ikiwa mgeni akisoma aya ya kwanza ya mkataba anaweza kumtafuta kila upande na kumpata bila kukuuliza wewe.

## Hatua ya 2: Pima makubaliano kwa kifungu cha 10

Kifungu cha 10 cha Sheria ya Mikataba kinasema makubaliano yanakuwa mkataba yakifanywa kwa ridhaa huru ya watu wenye uwezo wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Yachukue mambo hayo manne kama maswali.

Je, kila mmoja ana uwezo? Awe ametimiza miaka 18, awe na akili timamu, na asiwe amezuiwa na sheria yoyote.

Je, ridhaa ni huru? Ridhaa iliyopatikana kwa shuruti, kwa kumtumia vibaya mtu aliye chini ya mamlaka yako, kwa udanganyifu au kwa maelezo yasiyo ya kweli humpa aliyeumizwa haki ya kuubatilisha mkataba. Ukimwambia mnunuzi kwamba mchele ni wa msimu huu ilhali unajua ni wa msimu uliopita, umejichimbia shimo ndani ya mkataba wako mwenyewe.

Je, kila upande unatoa kitu chenye thamani? Mmoja anatoa mchele, mwingine anatoa fedha. Ahadi ya upande mmoja tu, isiyopokea kitu, kwa kawaida haina nguvu, isipokuwa katika mazingira machache yaliyotajwa na sheria.

Je, lengo ni halali? Mkataba wa kuuza bidhaa zilizopigwa marufuku haulindwi na mahakama yoyote, hata ukigongwa mihuri kumi.

Ndugu msomaji ataona kwamba maandishi hayamo katika orodha hiyo. Ni kweli: makubaliano ya mdomo yanaweza kuwa mkataba. Hata hivyo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inaweka sharti kwamba mauzo ya shilingi 200 au zaidi, kiasi ambacho leo kinagusa karibu kila biashara, hayatekelezeki mahakamani isipokuwa mnunuzi amepokea na kukubali sehemu ya mzigo, au amelipa sehemu ya bei, au kuna maandishi yaliyosainiwa na anayedaiwa. Ndiyo maana tunaandika.

## Hatua ya 3: Eleza bidhaa mpaka asiyeijua aitambue

Makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kufanywa ijulikane ni batili. "Mchele safi magunia 100" ni mwaliko wa ugomvi, kwa kuwa gunia si kipimo. Kila aliyewahi kununua mazao shambani anaijua lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, na anajua kwamba gunia la mkulima na gunia la dalali havifanani. Andika kilo, na utaje mizani:

"Muuzaji atamuuzia mnunuzi mchele daraja la kwanza, aina ya Kyela, wa msimu wa mwaka huu, kilo 10,000, uliofungashwa katika mifuko mipya 200, kila mmoja ukiwa na uzito halisi wa kilo 50, kwa mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo."

Kisha eleza ubora kwa vitu vinavyoweza kuonekana au kupimwa: usiwe na mawe, usiwe na unyevu wala harufu ya uvundo, na chenga zisizidi asilimia mtakayokubaliana. Ikiwa mlipatana kwa sampuli, gawanyeni sampuli hiyo katika mifuko miwili midogo, mfunge, msaini juu ya kifungio, na kila mmoja abaki na wake.

Sheria yenyewe inakusaidia kidogo hapa. Katika mauzo yanayofanywa kwa maelezo, bidhaa lazima zilingane na maelezo hayo. Katika mauzo ya sampuli, mzigo wote ulingane na sampuli. Lakini msaada huo hauna kazi ikiwa hukuandika maelezo yoyote ya kulinganisha.

Utajua umefaulu ikiwa utampa ukurasa huo mtu asiyefanya biashara ya mchele, naye akaweza kusimama mbele ya lori na kusema huu ndio, au siyo.

## Hatua ya 4: Andika fedha kwa tarakimu na kwa maneno

Taja bei ya kilo moja, jumla yake, na kile kilichomo ndani ya bei hiyo. Katika mfano wetu: shilingi 2,500 kwa kilo, jumla shilingi 25,000,000 (milioni ishirini na tano). Je, usafiri umo? Hamali wa kupakia Mbeya na wa kupakua Dar es Salaam wanalipwa na nani? Ushuru wa mazao wa halmashauri je? Kwa bidhaa zinazotozwa VAT, bei ni pamoja na kodi hiyo au bila? Faida ya safari nzima huweza kuliwa na jambo moja kati ya haya lililoachwa likining'inia.

Andika bei kwa shilingi. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni za mwaka 2025 zimekataza kupanga na kulipia kwa fedha za kigeni bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi, na mkataba wa dola kati ya Watanzania wawili sasa ni tatizo la kisheria tangu siku ya kusainiwa.

Gawanya malipo kufuatana na matukio yanayothibitika, kwa mfano asilimia 30 siku ya kusaini na asilimia 70 baada ya mzigo kupimwa na hati ya makabidhiano kusainiwa. Malipo ya awali yapewe jina lake: ni sehemu ya bei, inayorudishwa mzigo usipokuja, au ni kishika uchumba kinachopotea mnunuzi akighairi? Neno moja lisiloandikwa hapa limekwisha kuwagombanisha ndugu.

Malipo yapitie akaunti au namba ya simu iliyotajwa ndani ya mkataba na yenye jina la muuzaji. "Mtumie shemeji yangu" ni maneno ya kuyakataa kwa upole, na ukishindwa kuyakataa, yaandike na muuzaji ayasaini.

## Hatua ya 5: Tarehe, mahali, na nani anabeba hasara njiani

Usiandike "wiki ijayo". Andika tarehe, na kama muda ni roho ya biashara yenu, sema hivyo waziwazi: "Muda wa kufikisha mzigo ni sharti la msingi la mkataba huu." Sababu ni kwamba sheria inatofautisha. Muda ukiwa sharti la msingi, mnunuzi anaweza kuusitisha mkataba mzigo ukichelewa. Usipokuwa sharti la msingi, anabaki na fidia tu. Kwa upande wa malipo, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa haihesabu tarehe ya kulipa kuwa sharti la msingi isipokuwa mkataba uonyeshe hivyo, kwa hiyo muuzaji naye ajilinde kwa kuiandika.

Tahadhari: Mkataba ukikupa haki ya kuusitisha kwa sababu ya kuchelewa, nawe ukaupokea mzigo uliochelewa bila kusema kitu, unaweza kupoteza fidia ya ucheleweshaji. Wakati uleule wa kupokea, toa taarifa kwamba unapokea lakini utadai fidia. Ujumbe mfupi wa maandishi unatosha, lakini utumwe kabla au wakati wa kupokea, si wiki mbili baadaye.

Kuhusu hasara ya njiani, kanuni ya kawaida ni kwamba hatari hufuata umiliki, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Ikiwa umiliki wa mchele ulikwisha hamia kwa mnunuzi ulipopakiwa Mbeya, lori likipinduka Kitonga hasara ni yake. Chagueni na muandike: "Umiliki na hatari ya mzigo vitahama kwa mnunuzi baada ya mzigo kupimwa na kupokelewa katika ghala lake." Muuzaji akikubali sentensi hiyo atajua pia kwamba bima ya safari ni juu yake.

Ongeza muda wa kukagua, mfano saa 48. Mnunuzi anayekaa na bidhaa muda mrefu bila kuzikataa huhesabiwa kuwa amezikubali.

## Hatua ya 6: Andika yatakayofuata mambo yakiharibika

Watu wengi huiruka hatua hii kwa sababu inaonekana kama kumtakia mwenzako mabaya. Naielewa aibu hiyo, na najua ilivyo vigumu kumwambia mtu mnayeheshimiana "na usipolipa je?". Lakini swali hilo linajibika kwa utulivu siku ambayo bado mnacheka pamoja. Siku ya ugomvi kila jibu ni tusi.

Fidia. Chini ya kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, anayevunja mkataba hulipa hasara iliyotokana na uvunjaji huo kwa njia ya kawaida, au ile ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali hailipwi. Ikiwa mchele wako ni wa kupeleka shule ya bweni ambayo itakutoza ukichelewa, basi liandike hilo ndani ya mkataba, kwa sababu muuzaji asiyelijua hawezi kubebeshwa. Vilevile mahakama itaangalia kama ulijitahidi kupunguza hasara, kwa mfano kwa kutafuta mchele kwingine, au ulikaa ukingoja bili iongezeke.

Tozo ya ucheleweshaji. Mnaweza kutaja kiasi, tuseme shilingi 125,000 kwa kila siku, isizidi siku 10. Fahamu tu kwamba kifungu cha 74 cha sheria hiyohiyo hakitoi kiasi hicho moja kwa moja: mahakama hutoa fidia inayofaa, isiyozidi kiasi mlichokitaja. Tozo ya kumkomoa mwenzako haitakufikisha mbali. Tozo inayokaribia hasara halisi ndiyo inayosimama.

Riba. Baada ya hukumu, riba ya kawaida ya deni ni asilimia 7 kwa mwaka, na inaweza kupanda hadi asilimia 12 ikiwa mlikubaliana kwa maandishi. Sentensi moja inatosha kuleta tofauti hiyo, na sijawahi kuelewa kwa nini huachwa.

Majanga. Orodhesha matukio mnayokubali kuwa udhuru: mafuriko, barabara kufungwa, amri ya serikali. Weka na wajibu wa kutoa taarifa ndani ya siku fulani. Kupanda kwa bei sokoni kusiwemo; hilo ndilo jambo lenyewe ambalo mkataba uliandikwa kulizuia.

Kusuluhisha. Anzeni na mazungumzo ya siku 14, kisha mahakama au usuluhishi chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020. Kwa deni la ukubwa huu mimi hushauri mahakama, kwani msuluhishi hulipwa na ninyi. Kifungu kinachomzuia mtu kabisa kwenda kudai haki yake ni batili, basi msipoteze wino kukiandika.

## Hatua ya 7: Lugha, saini na ushuru wa stempu

Andikeni kwa lugha ambayo wote mnaielewa sawasawa. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo hakuna sababu ya kunakili mkataba wa Kiingereza kutoka duka la vifaa vya ofisi, ukiwa bado na majina ya watu wengine ukurasa wa tatu. Nimeuona huo zaidi ya mara moja.

Chapeni nakala mbili. Kila upande usaini mwishoni, uweke ufupisho wa saini kila ukurasa, na mashahidi waandike majina, anwani na tarehe. Makosa yakatwe kwa mstari mmoja na yasainiwe pembeni. Kusiwe na nafasi tupu ya "tutajaza baadaye".

Mhuri wa ofisi ya serikali ya mtaa huonyesha tu kwamba mlifika hapo. Hauponyi mkataba wenye kasoro. Saini iliyoshuhudiwa na wakili ina manufaa makubwa zaidi, kwa kuwa ni vigumu kwa mtu kuikana baadaye.

Kisha kalipie ushuru wa stempu kwa Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 30 kwa hati zinazotozwa ushuru huo. Chini ya Sheria ya Ushuru wa Stempu, Sura ya 189, hati isiyolipiwa ipasavyo haipokelewi kuwa ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe, na kipingamizi hiki hupenda kuibuliwa siku ya kesi yenyewe.

Utajua umefaulu ikiwa kila upande umeondoka na nakala halisi iliyokamilika.

## Hatua ya 8: Tunza kila kinachotokea baada ya kusaini

Mkataba ulioandikwa hauwezi kupingwa kirahisi kwa maneno ya mdomo yanayosema kinyume chake. Mkibadilisha tarehe au bei, andikeni nyongeza fupi, muisaini, muiambatanishe.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi, lakini mahakama itapima namna ulivyotunzwa na kama aliyeutuma anatambulika. Picha ya skrini iliyokatwa ni dhaifu. Tunza simu yenyewe, usifute mazungumzo, na hifadhi mfululizo wote pamoja na namba na tarehe. Fungua jalada moja la mkataba, hati za mizani, makabidhiano, risiti na taarifa za benki.

## Hatua ya 9: Mwenzako akikiuka

Usiende polisi kudai deni. Kushindwa kulipa deni la mkataba ni madai, si jinai, na kazi ya polisi si kukusanya madeni. Pakiwa na utapeli wa kweli, kwa mfano mtu aliyepokea fedha kwa kitambulisho cha kughushi, hilo ni jambo jingine, nalo liripoti.

Andika barua ya madai: taja mkataba na tarehe yake, kifungu kilichokiukwa, kiasi unachodai na hesabu yake, na siku za kulipa, kwa kawaida 14. Ipeleke kwa njia yenye uthibitisho wa kupokelewa.

Siku zikipita, fungua shauri. Deni la mkataba lisilozidi shilingi 30,000,000 linaweza kupelekwa Mahakama ya Mwanzo, na tani zetu 10 zinaingia humo bila shida. Kinachozidi hapo kinaanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Kwa kiasi kikubwa, au mkataba ukigusa ardhi, mkopo wenye dhamana au mtu wa nchi nyingine, mtafute wakili kabla ya kufungua chochote.

Una miaka 6 ya kudai kwa mkataba wa kawaida, inayohesabiwa tangu haki ya kudai ilipozaliwa, yaani siku mwenzako alipokiuka. Iandike tarehe hiyo kwa kalamu nyekundu juu ya jalada lako.